Kwao Nne, Kwangu Tano

Ujumbe wa Maryam ulinikuta jikoni kwa binti yangu Saumu, hapa Doha, ninamenya vitunguu. Huwa ananitumia sauti, kwa Kiarabu chepesi ambacho anajua nitakielewa. "Mama Zuhura, mama yangu amefariki alfajiri. Tunakaa matanga nyumbani, Lusail, siku tatu. Njoo." Nikaweka simu juu ya friji, nikamaliza vitunguu, nikavikaanga. Saumu aliporudi kutoka hospitali anakouguza wagonjwa, viatu vyeupe vingali miguuni, nikamwambia Madam Nura, tajiri wangu wa zamani, amekufa. Akaniuliza kama nitakwenda kuhani msiba. Nikamwambia nitakwenda siku ya tatu. "Kwa nini usiende kesho?" Nikamjibu siku ya kwanza watu hulia, siku ya pili hula, siku ya tatu ndiyo huzungumza, nami sitaki kulia wala kula. "Mama, wewe nawe!" akasema. "Mtu amekufa." Nikamwambia, "Nimesikia. Nimesema nimefurahi? Vua viatu, ule." Huko kwetu mtu akifa hutajwa kwa mazuri yake, na Madam Nura mazuri alikuwa nayo. Hakunipiga, hakunitukana, wala hakuninyima chakula hata siku moja. Nayasema haya mwanzo, mtu asije akadhani nina kisa na yeye cha kupigwa au kufungiwa mlango. Kisa changu na nyumba ile ni cha namna nyingine, na kilitokea mwaka ule waliponipeleka Uingereza kutembea.

Nilifika Doha mara ya kwanza Saumu akiwa bado ananyonya. Nilimwacha Likoni kwa mama yangu. Sababu sitaieleza, aliyekwenda Uarabuni anaijua, na ambaye hakwenda hata nikimweleza ataniona mama mbaya. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya ulimi wangu. Mwenye nyumba, ambaye sote watumishi tulimwita Baba, alikuwa na mama yake mzee, Bi Salma, aliyelelewa Unguja na kuolewa Doha angali msichana. Uzeeni Bi Salma alimwambia mwanawe amtafutie mtu wa kusema naye Kiswahili kabla hajafa. Nikatafutwa mimi. Asubuhi ya kwanza nilipompa shikamoo alifumba macho ndipo akaitikia marahaba, na mimi mjinga nikaona nimefika kwa jamaa. Ndani ya nyumba kulikuwa na Madam Nura, mke wa Baba. Binti yao Maryam, wa miaka minane. Na Hamad, mtoto mchanga aliyekuwa akinyweshwa maziwa ya kopo kwa sababu Madam aliumwa baada ya kujifungua, ya kwake yakakatika. Yangu hayakukatika. Kila Hamad akilia, gauni langu lililowa mbele. Nilikuwa naingia bafuni kwa watumishi, nakamua kwenye beseni la kunawia, nafungua bomba yachukuliwe na maji. Bi Salma akanigundua. "We Zuhura, unamwaga riziki ya mtoto." Nikamwambia, "Mtoto mwenyewe yuko Likoni, Bi." Akasema Mungu atamlisha huko huko. Na kweli alimlisha, kwa uji.

Lilipokuja jua la kiangazi, lile la hapa ambalo ukishika komeo la mlango linakuunguza, kila mwenye uwezo alihama. Wao wakasema wanakwenda Uingereza, wakanichukua nimtazame mtoto na kumsemesha bibi. Watu wa kwetu waliposikia baadaye waliniambia, "Zuhura umefika Ulaya!" Nimefika, ndiyo. Nimeiona kwa dirisha la gari, mfuko wa nepi juu ya magoti. London tulikaa ghorofani karibu na bustani kubwa yenye bata, kwenye mtaa ambao maduka yake yaliandikwa Kiarabu na moshi wa nyama ulitoka kila mlango. Jioni Bi Salma alikaa bustanini na blanketi begani, na waliokuja kumwamkia ni wale wale wa Doha, jirani wa huku na jirani wa kule. "Tumepanda ndege kuja kuonana na watu tuliowaacha mlangoni," akaniambia kwa Kiswahili ili wasisikie. Nikacheka nikajiziba mdomo. Tulikuwa tunacheka sana, mimi na yule mzee. Ndilo jambo linalonichoma zaidi nikikumbuka. Angekuwa mtu wa kunikalia uso mkavu tangu mwanzo ningejua mahali pangu.

Kisha Baba akakodi gari kubwa la viti vingi, tukatoka London kwenda kuzunguka. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu Kenya, na Baba amezoea kulia. Ndani ya gari lile aliyejua upande ni mimi peke yangu, mimi nisiyejua hata kushika usukani. Kila tukifika raundabauti Bi Salma anaanza kusoma Ayatul Kursi, Madam anafunika macho, na mimi huku nyuma napiga kelele, "Baba, shoto! Shoto, Baba!" Maryam akalijua neno, naye akawa anapiga kelele, "Shoto! Shoto!" Baba akasema atatuacha sote njiani. Tulikwenda kwenye mji wa vyuo, ambako wazungu wenye mashuka meusi walipita kwa baiskeli. Tulikwenda kutazama mawe marefu yaliyosimamishwa katikati ya nyasi, yamezungushiwa kamba usiyaguse. Bi Salma akayatazama, akauliza yalijengwa na nani. Baba akasema hakuna ajuaye. "Na yanafanya kazi gani?" Hakuna ajuaye. "Basi turudi garini," akasema, "mawe ambayo hayana mwenyewe hayana mgeni." Mchana tulikula samaki na viazi ndani ya karatasi, tukiwa garini na mvua inapiga vioo, Madam akinusa kila kitu asije akala mafuta ya nguruwe, na Bi Salma akinipitishia vipande vyake vya samaki vilivyo na miba nimchambulie. Nilimchambulia kama nilivyokuwa nikimchambulia mama yangu.

Jumamosi jioni ndipo tukafika kwenye nyumba ya mashambani waliyokodi. Nyumba ya mawe, dari chini, Baba akaigonga kwa paji la uso akiingia, na akaigonga tena kila siku mpaka tukaondoka. Nyuma kulikuwa na kondoo. Tukashusha mizigo: mchele waliokuja nao kutoka Doha, bizari, ndimu kavu, mkebe wa kahawa wa Bi Salma. Hamad akalia njaa. Madam akaniambia, "Kopo." Nikamwambia kopo liko kwenye katoni. Katoni haikuwako. Mimi niliiteremsha mpaka kwenye ngazi ya lile ghorofa la London, Baba akadhani Madam ameipakia, Madam akadhani Baba ameipakia, na yenyewe ikabaki ngazini. Wakagombana kwa Kiarabu, upesi upesi. Baba akatoka na gari akarudi na kopo la aina nyingine kutoka duka la kijijini, duka lililokuwa likifunga. Hamad akalinywa, akalitapika lote. Tukajaribu tena, akatapika mpaka akawa anatoa maji. Na kesho yake ilikuwa Jumapili, na wakati ule Jumapili Uingereza huko mashambani hakuna mlango ulio wazi.

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, gauni limelowa hadi tumboni, nimekunja mikono kifuani kuficha. Bi Salma alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Akanitazama, akamtazama mkwewe, akaniuliza kwa Kiswahili, "Unayo bado?" Nikasema, "Yapo, Bi." Akasema jambo kwa Kiarabu, Madam akaanza kulia, Baba akatoka nje. Kisha Bi Salma mwenyewe akamchukua Hamad akaniwekea mapajani. "Bismillahi," akasema. Hamad akanyonya, mkono mmoja umeshika kidole changu, akitoa sauti ya mtoto anayemeza kwa hasira. Sikuwa nimenyonyesha tangu Likoni. Sitasema nilihisi nini. Aliyenyonyesha anajua, na aliyeacha wake akanyonyesha wa mwingine anajua zaidi.

Sasa nieleze sheria, kwa sababu bila hiyo hadithi yote ni ya mtoto aliyeshibishwa tu. Kwetu Waislamu wa pwani, na kwao vilevile, mtoto mchanga akinyonya kwa mwanamke mara tano akashiba, mwanamke yule ni mama yake. Kweli, si kwa heshima ya mdomo. Wanawe ni ndugu zake, hawaoani nao, na mama huyo hamfichi nywele zake maisha. Huko kwetu mwanamke aliyekupa ziwa ukimpita njiani usimwamkie, watu watasema huna asili. Bi Salma alikulia Unguja, aliyajua haya kuliko mimi. Jumapili asubuhi aliponiletea Hamad mara ya pili, alikuwa na tasbihi mkononi. "Zuhura, mwanangu," akasema, "tunahesabu, unajua?" Nikasema najua. Mchana mara ya tatu. Jioni mara ya nne, na safari hii alipomchukua mtoto alimwita Baba, akamwambia kesho kabla jua halijapanda aende mjini asirudi bila maziwa. Wakati ule sikuona vibaya. Nilisema ni haki yao, mtoto ni wao, nyumba ni yao, wameona nne zatosha. Nililala chini karibu na kitanda cha mtoto, nikasikia anavyopumua kwa kushiba, nikasema alhamdulillahi, si wangu lakini ameshiba.

Jumatatu Baba akaleta maziwa, yale yale ya Doha. Wakafurahi, wakaniambia nipike machbusi, wali wao wa nyama, tukala mapema, tukaondoka kwenda kuangalia jumba la bwana mmoja wa zamani. Jumba lenyewe kubwa kama mtaa, na bustani yenye miti iliyokatwa ikawa mviringo kama matonge. Mlangoni wakasema kigari cha mtoto hakiingii. Madam akaniambia, "Kaa hapa na Hamad, amelala, hatukawii." Wakaingia na tiketi zao. Chupa ya mtoto na themosi ya maji ya moto vilikuwa ndani ya mkoba wa Madam, na mkoba ukaingia jumbani pamoja naye. Wakakawia. Nilikaa kwenye nyasi, Hamad akaamka, akaanza. Nikamtembeza, nikamwimbia, nikampa kidole. Akakinyonya kidole akagundua amedanganywa. Watu waliopita wakawa wananitazama kama niliyemfinya. Nikaenda mlangoni, yule mama wa Kizungu anayekata tiketi akanionyesha kwa mkono kwamba siwezi kuingia bila tiketi. Lakini alipoona gauni langu, akaondoka kwenye dirisha lake, akaniletea kiti cha kukunja, akakifungulia nyuma ya ukuta wa maua pasipo na upepo. Akanyoosha kidole kwangu, kisha kwa mtoto. "Mama?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Nikakaa, nikamnyonyesha Hamad mpaka akaachia mwenyewe, akacheua, akalala mdomo wazi na maziwa shavuni. Sikufanya kwa kusahau. Nilijua hiyo ni ya tano. Mtu ataniuliza, ulitaka kuwapokonya mtoto? Mtoto analia, titi limejaa, mwenye chupa haonekani. Ningefanya nini? Na ikiwa ndani ya moyo nilifurahi kwamba Saumu wangu amepata kaka, furaha hiyo haikumwongezea mtoto njaa wala kumpunguzia.

Wa kwanza kutoka alikuwa Maryam, anakimbia, amechoka na picha za wazee wenye nywele bandia. Akanikuta nafunga gauni. Akamwangalia mdogo wake, akacheka. Nilipowaona wengine wanakuja, sikungoja waniulize. Nilimwendea Bi Salma, kwani tulikuwa tunaelewana, nikamwambia wazi, "Bi, Hamad ameamka akalia sana, chupa mlikwenda nayo. Amenyonya, ameshiba." Nilisema huku natabasamu. Nilidhani atasema mashaallah. Bi Salma akasimama pale kwenye changarawe. "Hakunyonya," akasema. Nikasema, "Amenyonya, Bi, mtazame mdomo." Akachukua pembe ya mtandio wake, akampangusa Hamad shavu. "Alichezea tu," akasema. "Mtoto aliyeshiba maziwa ya asubuhi hanyonyi, huchezea."

Usiku wa siku ile nilikuwa jikoni, wali uko motoni, wao wako chumba cha pili, mlango wazi. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini hesabu nimeijua tangu chuo cha Kurani. Nilisikia Madam anasema khamsa, tano, kwa sauti ya chini. Nikasikia Bi Salma, arbaa, nne. Madam akasema kitu kirefu, ndani yake khamsa tena, na sauti yake ilikuwa ya kusihi. Kwa hilo Mungu amrehemu, siku ile alikuwa upande wa kweli. Maryam akaingilia, "Mimi nimemwona!" Nikasikia kofi dogo, la mkono juu ya mkono, akanyamaza. Mwisho nikamsikia Baba, ambaye mchana kutwa hakuwa amesema lolote: "Arbaa." Mara moja. Viti vikasogezwa, watu wakainuka. Siku zote nimeona kesi za watu zinavyochukua miaka mahakamani. Yangu ilikwisha kabla wali haujaiva.

Bi Salma akaja jikoni, akaketi kwenye kiti chake. Nilikuwa nimempa mgongo. "Zuhura, geuka," akasema. Nikageuka. "Umekasirika." Nikamwambia, "Bi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha tunahesabu." Akasema, "Ndiyo, na nimehesabu." Nikamwuliza, "Kwa Mungu pia ni nne?" Hilo lilimuuma. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile, na nalisema kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake kizuri cha Unguja: "Mwanangu, nikisema ni tano, kesho nitakwambiaje ufagie? Mama wa mjukuu wangu nitamtumaje akanioshee chooni? Ama wewe uache kazi, ama mimi niache adabu. Mimi ni mzee, siwezi kujifunza adabu nyingine." Nikamwambia, "Ningefagia, Bi. Nani alisema mama hafagii?" Akaniambia wali unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua.

Safari ikaendelea, kwa maana tiketi zilikuwa zimelipwa. Tulikwenda kwenye mji wenye mabafu ya Warumi wa kale, maji yake ya kijani yanatoa moshi. Tulikwenda kaskazini, kwenye mji wenye ukuta na kanisa refu kuliko minara ya kwetu, kisha kwenye maziwa ya maji kati ya milima, ambako Baba alipiga picha kila kona na kusema hii ndiyo Uingereza yenyewe. Wamenipa moja ya picha hizo. Nimesimama ukingoni mwa ziwa nimeshika mwavuli wa mtu mwingine. Kwa wiki zile zote titi lilikuwa limeamka upya, halikujua kwamba limekatazwa. Nilikuwa nafunga kifua kwa leso, ndani nimeweka majani ya kabichi, dawa aliyonipa Bi Salma mwenyewe. Alikuja nayo mkononi, akanifunga kwa mikono yake, taratibu, akinipulizia. Mkono ule ule. Hamad hakunipa raha naye. Nikiingia chumbani anageuza shingo, anatoa ulimi. Madam akaona. Wakanihamishia chumba cha mashine ya kufulia, na mtoto akalala kwa mama yake. Kila tulipokula pamoja nilikaa mwisho wa meza, upande wa mlango, nami nilijua ni kwa nini: ili akinitafuta kwa macho asinipate. Hakuna aliyenisema vibaya. Waliniambia tafadhali kuliko zamani. Mtu akikudhulumu kisha akaanza kukwambia tafadhali, jua amekwisha amua.

Tuliporudi Doha nilifanya kazi miezi michache. Kisha Baba akaniita ukumbini, akasema kibali changu hakitaendelezwa, nitapewa haki yangu yote na zawadi. Nilipewa. Bi Salma hakutoka chumbani siku niliyoondoka. Walisema ana mafua. Nikapiga hodi mlangoni kwake, nikasema, "Bi, naondoka, nisamehe nilipokukosea." Nikasikia anajibu kutoka ndani, "Hukunikosea, Zuhura." Hiyo ndiyo haki niliyotoka nayo mle, na ilisemwa nyuma ya mlango. Alikufa miaka michache baadaye. Nilirudi Likoni nikamkuta Saumu anatembea, akanikimbia kama mgeni. Maziwa yalikuwa yamekatika njiani.

Ndiyo maana siku ya tatu nilikwenda Lusail. Sikwenda kudai kitu. Kitu gani tena nidai katika umri huu? Nilitaka nisikie neno moja tu, kwa mdomo wa mmoja wao, mbele ya watu. Saumu alinipeleka kwa gari la mwenziwe tunayekaa naye. Mji wote mpya ule, barabara pana, nyumba nyeupe, kivuli hakuna. Ukumbi wa wanawake ulikuwa umejaa, wamekaa kwa kuzunguka ukuta, wengi wameshusha mitandio mabegani kwa kuwa ni wanawake watupu. Mimi nami nikashusha wangu. Maryam akaja akanibusu kichwani, mama mtu mzima sasa, macho mekundu, akaniketisha karibu na shangazi zake. Nikapewa kahawa na tende. Nikamwombea Madam Nura dua kwa moyo safi, kwa ajili ya ile khamsa aliyoisema.

Mara sauti ya mwanamume ikasikika mlangoni, "Ya Allah, ya Allah," ndivyo wanavyopiga hodi ili wanawake wasiomhusu wajifunike. Mitandio ikapanda ukumbi mzima. Shangazi za Maryam hawakujifunika, anayeingia ni damu yao. Mimi nikabaki vilevile, mvi zangu na hina yangu wazi. Jirani yangu akanigusa goti, "Ya hajja, mwanamume anaingia." Nikamwambia, "Namjua." Hamad akaingia. Mrefu, ndevu zimeanza kuchanganyika, ana mabega ya Baba. Akapita akiwabusu shangazi zake vichwani, mmoja baada ya mwingine, mpaka akanifikia. Maryam akasimama. "Hamad, huyu ni Mama Zuhura."

Akayashusha macho chini haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la wenyewe. Akaweka mkono kifuani. "Mungu akulipe heri, ya hajja. Mama alikuwa akikutaja."

"Alinitajaje?" nikamwuliza, kwa Kiarabu changu kile kile cha jikoni.

"Alisema ulitusaidia Uingereza, maziwa yangu yaliposahaulika."

"Alikwambia ni mara ngapi?"

"Mara nne."

"Tano," Maryam akasema. "Nimekuambia mara ngapi, Hamad? Mimi nilikuwako."

"Ulikuwa na miaka minane."

"Nilikuwa na macho!"

Shangazi mmoja akasema, "Wanangu, watu wanatazama." Hamad akamgeukia dada yake, uso umemwiva. "Leo ni siku ya tatu, Maryam. Siku ya tatu yuko ndani ya mchanga, na wewe unataka nisimame mbele ya mawifi zake niseme mama yetu alikuwa mwongo?" Kisha akanigeukia mimi, bado anatazama zulia, na sauti yake ikawa ya upole, upole wa kweli, sikuona unafiki. "Ya hajja, usinichukulie vibaya. Mama yangu ameniambia nne. Kwangu ni nne."

Nikamtazama. Alikuwa anamtetea mama yake. Ningemlea mimi, ningetaka anitetee hivyo hivyo. Nikamwambia, "Sikuchukulii vibaya. Mungu ampe mama yako kauli thabiti." Nikavuta mtandio, nikafunika nywele zangu, nikaupitisha mpaka usoni nikabaki macho. Kama ni nne, basi yeye ni mwanamume wa nje na mimi nimekaa mbele yake kichwa wazi, na mimi si mwanamke wa namna hiyo. Nadhani alielewa, kwa sababu aliinua macho mara moja akayashusha. Akaniaga, akatoka kwa wanaume wenzake. Maryam akaanza kulia upya, nikamwambia anyamaze, amlilie aliyekufa. Nikamaliza kahawa yangu, kwani si adabu kuiacha, nikainuka.

Saumu alikuwa garini, kiti amekilaza, ametoka zamu hajalala. Aliponiona akakiinua.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Mrefu. Ana adabu."

"Amekubali?"

"Hakukubali."

Akawasha gari, tukaenda mpaka barabara kubwa. Kwenye taa nyekundu akanigeukia. Ana macho ya mama yangu, yule aliyemlea. "Sasa mimi, mama, nina kaka au sina?"

"Unaye," nikamwambia. "Yeye ndiye hana dada."